Zabuni ya F.7/30: jinsi injini moja ilivyoliharibu shindano la ndege za kivita

Mwishoni mwa Septemba 1931, rubani wa Kiingereza George Stainforth aliirusha Supermarine S.6B, ndege ya kutua majini, kwa mwendo wa kilomita 655 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia. Aliyeibuni ndege hiyo ni Reginald Mitchell. Siku chache baadaye, Oktoba ilipoanza, Wizara ya Anga ya Uingereza ilitoa waraka wa masharti uliopewa namba F.7/30. Ilitaka watengenezaji washindane kuleta ndege mpya ya kivita itakayofikisha kilomita 402 kwa saa. Mitchell aliingia kwenye shindano. Ndege yake iliruka Februari 1934, na ilipopimwa ikakutwa inafikisha kilomita 367 tu.

Watu wengi wanaokisimulia kisa hiki hupita hapo mbio, kwa sababu wanajua kilichofuata: Mitchell alirudi mezani akachora Spitfire. Mimi naomba tusipite mbio. Zabuni ya F.7/30 inastahili kuchambuliwa kwa haki yake yenyewe, kwa sababu ndani yake kampuni sita zilileta ndege saba, wabunifu walikuwa miongoni mwa bora duniani, fedha za serikali zilikuwepo, na bado karibu kila kilicholetwa hakikufaa. Haiwezekani wote wakawa wamelala siku moja. Tatizo lilikuwa kwenye masharti, na zaidi kwenye injini ambayo Wizara iliipendelea kabla hata ya ndege moja kuruka.

Walichokuwa wanakitaka

Kwanza tuitendee haki Wizara, kwani hofu yake ilikuwa na msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndege ya kivita iliyokuwa imeenea zaidi katika Jeshi la Anga la Uingereza ilikuwa Bristol Bulldog, yenye mabawa mawili, bunduki mbili za rashasha na mwendo wa kilomita 280 hivi kwa saa. Mwaka 1930 jeshi hilohilo likaanza kupokea Hawker Hart, ndege nyepesi ya mabomu iliyofikisha karibu kilomita 297. Katika mazoezi, ndege ya mabomu ilikuwa inaikimbia ndege iliyotumwa kuikamata. Hawker Fury, iliyoingia kazini 1931 na kufikisha 333, ilirudisha heshima kidogo, lakini ilikuwa ghali na ilinunuliwa kwa idadi ndogo.

Kwa hiyo waraka ulidai kasi. Ulidai pia bunduki nne badala ya mbili, na hoja yake ilikuwa nzuri: kasi inapoongezeka, muda wa rubani kumlenga adui unapungua, basi katika sekunde hizo chache inabidi risasi ziwe nyingi. Ulidai ndege ipande haraka, rubani aone vizuri pande zote, na iwe na redio.

Halafu likaja sharti lililowabana wote: ndege hiyohiyo iweze kufanya kazi usiku. Viwanja vya wakati ule vilikuwa vya nyasi, vidogo, vikimulikwa usiku kwa vimulimuli vilivyopangwa mstari. Kutua pale kulitaka mwendo wa taratibu. Mwendo wa taratibu unataka bawa kubwa, na bawa kubwa ndilo linaloila kasi. Ukitaka ndege ikimbie, unampa bawa dogo na jembamba. Ukitaka itue polepole, unampa pana na nene. Flapu, vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ambazo zingeweza kuyapatanisha mahitaji haya mawili, zilikuwa bado jambo geni kwa wengi. Mbunifu aliyeusoma waraka ule alikuwa ameshafungwa mkono mmoja.

Goshawk

Mkono wa pili ulifungwa na injini. Waraka haukuilazimisha, lakini Wizara ilionyesha wazi kwamba inaipendelea Goshawk ya Rolls-Royce, na kila mtu aliyeishi kwa kandarasi za serikali alielewa maana ya upendeleo huo. Goshawk ilitokana na Kestrel, injini nzuri ya silinda 12 iliyokuwa inaendesha Hart na Fury. Ilitoa nguvu za farasi zipatazo 600 hadi 660. Kilichoitofautisha ni namna ya kupozwa, na inafaa tukiangalie kwa karibu, kwa sababu humo ndimo shindano zima lilimokwama.

Katika injini ya kawaida ya maji, maji hupita kwenye injini, yakapata joto bila kuchemka, yakaenda kwenye rejeta kupoa, kisha yakarudi. Rejeta inaning'inia hewani na kukinza upepo, na hivyo inakula kasi. Wahandisi wakapiga hesabu. Kilo moja ya maji ukiipasha kutoka nyuzi 20 hadi 100 inachukua kilojuli 335 hivi. Kilo hiyohiyo, ukiiacha ichemke mpaka iwe mvuke wote, inachukua kilojuli 2,257 zaidi. Maana yake, ukiyaruhusu maji yageuke mvuke, kiasi kidogo kinabeba joto jingi mno. Mvuke huo unaupeleka ndani ya bawa, kwenye ukingo wa mbele, ambako hewa ya baridi inapita kwa kasi nje ya bati. Unapoa, unakuwa maji tena, unarudi kwenye injini. Hakuna rejeta inayoning'inia. Bawa lenyewe ndilo linalopoza.

Kwenye karatasi hesabu hii haina kasoro, na sishangai kwamba iliwavutia watu wazito. Mitchell mwenyewe alikuwa ameshatumia ngozi ya mabawa kupozea injini za ndege zake za mashindano ya Schneider, yaliyokuwa ya mbio za ndege za majini, kwa hiyo wazo la bawa kufanya kazi ya rejeta halikuwa geni kwake.

Tatizo liko kwenye neno "unarudi". Maji yaliyotoka kupoa kutoka mvuke bado yana joto karibu na la kuchemka. Yanakusanyika chini, na ili yarudi juu kwenye injini lazima pampu iyavute. Pampu inapovuta, shinikizo upande wa mvuto linashuka. Shinikizo likishuka, maji yaliyokuwa ukingoni mwa kuchemka yanachemka palepale, ndani ya bomba, na pampu inajikuta inavuta mvuke. Mvuke hausukumiki kama maji. Injini inakosa maji huku mvuke ukijazana kwenye mabawa na kutafuta pa kutokea. Ukipanda juu hali inazidi kuwa mbaya: kwenye mita 4,570 maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, si 100. Na ndege ya kivita kazi yake ni kupanda juu haraka, injini ikitumia nguvu yote, huku mwendo wa kwenda mbele, ambao ndio unaoleta upepo wa kupoza, ukiwa mdogo. Yaani mfumo ulikuwa dhaifu katika hali ileile ambayo ndege iliundwa kuifanyia kazi.

Ongeza na hili: ndege ya kivita haiendi moja kwa moja kama basi la masafa. Inapinduka, inalala ubavu, inageuka kichwa chini, na maji yaliyotakiwa kutulia kwenye tangi yanakimbilia pembeni. Na bawa zima likiwa kipozeo, risasi moja ya adui popote kwenye ukingo wake wa mbele inatosha kumwaga damu ya injini. Mimi naona hoja hii ya mwisho peke yake ilipaswa kuizuia Goshawk isiingie kwenye ndege ya kivita, hata kama pampu zingefanya kazi kikamilifu.

Washiriki

Serikali ililipia ndege tatu za majaribio, zikapewa namba zinazofuatana: K2890 ya Supermarine, K2891 ya Westland na K2892 ya Blackburn. Zote tatu zilikuwa na Goshawk. Nyingine nne zililipiwa na kampuni zenyewe: Hawker ilileta PV3, Bristol ikaleta mbili, Type 123 na Type 133, na Gloster ikaleta SS.37.

Blackburn F.3 haikuruka kabisa. Kiwiliwili chake kilikaa juu ya bawa la juu, kondensa, yaani chombo cha kuurudisha mvuke kuwa maji, ikajazwa katikati chini yake, na ndege ikawa ndefu kwenda juu na ngumu kuimudu ardhini. Majaribio ya kutembea uwanjani mwaka 1934 yalitosha kuimaliza.

Westland ilikuwa na fikra ya kuvutia zaidi. Waliiweka injini katikati ya kiwiliwili, nyuma ya rubani, na shafti ndefu ikapeleka nguvu mbele kwenye propela. Kwa hiyo rubani alikaa mbele ya bawa la juu na aliona vizuri kuliko rubani yeyote katika shindano. Harald Penrose aliirusha Machi 1934. Ilifikisha kilomita 298 kwa saa, karibu sawa na ile Hart ya mabomu iliyosababisha zabuni yenyewe. Westland walilijibu swali moja la waraka vizuri mno, wakayaacha mengine yote.

Hawker PV3 ilikuwa Fury iliyokuzwa na kupewa Goshawk. Ilifikisha 360 na ikaishia hapo. Bristol 123, ndege ya mwisho ya mabawa mawili kutoka kampuni hiyo, ilikuwa na Goshawk pia, ikayumba ubavu kwa namna ambayo haikurekebishika, ikaachwa.

Zinabaki tatu, na hizi ndizo zinazostahili kulinganishwa kwa makini.

Supermarine Type 224

Ndege ya Mitchell ilikuwa ya chuma na yenye bawa moja, jambo la ujasiri wakati ambapo jeshi zima lilizoea mabawa mawili. Bawa lilishuka kutoka kiwiliwilini kisha likapanda, umbo la bawa la shakwe lililopinduliwa, ili miguu ya magurudumu iwe mifupi. Magurudumu hayakukunjwa, yalivikwa vifuniko vikubwa kama suruali, na ndani ya vifuniko hivyo ndimo maji yaliyopoa yalimokusanyika yakisubiri pampu. Ukingo wa mbele wa bawa ulikuwa kondensa.

Kutoka ncha hadi ncha mabawa yalikuwa na mita 13.97. Ni mengi sana. Spitfire ya baadaye, yenye injini kubwa zaidi, ilikuwa na mita 11.23. Bawa la 224 lilikuwa pia nene. Sababu ni lile sharti la kutua taratibu usiku, pamoja na tahadhari ya Mitchell, ambaye hakutaka bawa lisiloshikwa na nyaya litetemeke likavunjika. Kila mita ya ziada ya bawa ililipiwa kwa kasi.

Upozaji nao ukafanya yale tuliyoyaeleza. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu za kuonya mvuke unapozidi, na wakati wa kupanda taa hizo zilikuwa zinawaka. Rubani alilazimika kuacha kupanda, ailaze ndege, asubiri ipoe, ndipo aendelee. Kufika mita 4,570 iliichukua dakika tisa na nusu. Gloster Gauntlet, ndege ya mabawa mawili iliyokuwa tayari imeagizwa na jeshi na ambayo haikuwa na maji kabisa kwenye injini yake, ilifika mita 6,100 kwa dakika zipatazo tisa. Ndege mpya ilishindwa kupanda na ile ambayo ilitakiwa kuiacha nyuma.

Kuna wanaosema Mitchell alikosea kwenye 224. Alikosea kwa kiasi fulani, hasa kwa magurudumu yasiyokunjwa na unene wa bawa, na alijua hivyo kabla wengine hawajamwambia. Alikuwa ameshaanza kuchora marekebisho ndege ikiwa bado inajaribiwa. Ila ukiitazama 224 ukiwa na waraka mkononi, utaona mtu aliyetii. Alitumia injini iliyopendelewa, akaleta bawa la kutua polepole, akaweka bunduki nne. Utii wake ndio uliomfikisha 367.

Bristol Type 133

Hii ndiyo ndege ninayoisikitikia. Frank Barnwell wa Bristol aliipeleka zabuni kwa njia yake. Bawa moja la chini, kiwiliwili kilichovikwa bati la alumini linalobeba mzigo badala ya kitambaa, magurudumu yanayokunjwa kuingia kwenye vifuniko, na bunduki nne. Badala ya Goshawk alitia Mercury, injini ya Bristol wenyewe yenye silinda tisa zilizopangwa mviringo na kupozwa na hewa moja kwa moja. Hakukuwa na pampu, kondensa wala tone la maji.

Iliruka Juni 1934, siku chache kabla ya ndugu yake mwenye Goshawk, na ikafikisha kilomita 418 kwa saa. Ilivuka sharti la 402. Katika washiriki wote, hii ndiyo iliyofanana zaidi na ndege za kivita za miaka mitano baadaye.

Machi 1935 ilikuwa tayari kupelekwa Martlesham Heath, kituo cha majaribio ya kijeshi huko Suffolk, ambako marubani wa serikali wangeipima. Siku moja kabla ya safari hiyo, rubani aliyekuwa anaijaribu aliingia kwenye mzunguko wa kuanguka magurudumu yakiwa yameshushwa. Miguu ile ilibadilisha mwenendo wa hewa chini ya ndege; badala ya kuzunguka pua ikiwa chini, jambo ambalo rubani anaweza kulimudu, ndege ililala bapa na kuzunguka kama pia. Injini ikazimika. Rubani akajirusha kwa parachuti akapona. Ndege ikaangamia, na Bristol hawakuwa na nyingine.

Hapa ndipo namna ya kugawa fedha inapoonekana. Serikali ililipia ndege tatu, zote za Goshawk, moja ikiwa haikuruka na nyingine ikienda mwendo wa ndege ya mabomu. Ndege iliyokidhi sharti la kasi ilikuwa moja tu, ikilipiwa na mfuko wa kampuni, na ajali moja iliitoa kwenye shindano. Kama ingekuwepo ya pili hangani, majaji wa Martlesham wangeipima Aprili. Sidai kwamba ingeshinda. Mzunguko ule wa bapa ulikuwa kasoro ya kweli, na marubani wa kawaida wa kikosi wangesahau magurudumu mara nyingi kuliko rubani wa majaribio. Lakini kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kwa kupanua mkia. Hakuna mkia ambao ungeiponya Goshawk.

Gloster SS.37

Mshindi hakuwa na jambo lolote la kushangaza ndani yake, na hiyo ndiyo sababu alishinda. Henry Folland wa Gloster alikuwa mtu wa mabawa mawili. Aliichukua Gauntlet yake, ambayo jeshi lilikuwa limeshaikubali, akaanza kuondoa kila kilichokinza hewa. Gauntlet ilikuwa na seti mbili za nguzo kati ya mabawa kila upande. Akabakiza seti moja. Miguu ya magurudumu yenye nguzo nyingi aliibadilisha ikawa mguu mmoja mmoja, gurudumu likiwa na springi zake ndani, ubunifu wa George Dowty. Akafunga Mercury. Kwa hiyo injini ya Bristol, ambayo ndege yao wenyewe ilikuwa imeanguka nayo, ikaishia kumpa ushindi mshindani wao.

SS.37 iliruka Septemba 1934 na kufikisha kilomita 380. Ilipopewa Mercury yenye nguvu zaidi ikafika 389, bado chini ya sharti. Hata hivyo ilipanda vizuri, iligeuka kwa wepesi, ilitua taratibu kama lilivyotaka sharti la kazi ya usiku, na ilikuwepo. Julai 1935 Wizara ikaagiza 23 za kwanza, zikapewa jina Gladiator. Za kiwandani, zenye injini iliyokuzwa hadi nguvu za farasi 830 hivi na chumba cha rubani kilichofunikwa, hatimaye zilifikisha 407. Zilianza kuingia vikosini mapema 1937, zaidi ya miaka mitano tangu waraka utolewe.

Kuzipanga

Mtu akiziweka ndege hizi mstarini kwa kasi peke yake, anaona jambo moja mara moja: mbili za mbele, 133 na SS.37, ndizo pekee zilizokuwa na Mercury. Moja ilikuwa na bawa moja, nyingine mabawa mawili. Moja ilikuwa ya bati, nyingine ya fremu na kitambaa. Moja ilikunja magurudumu, nyingine iliyaacha nje. Hazifanani kwa chochote isipokuwa injini. Na nyuma yao ziko za bawa moja na za mabawa mawili, zenye injini mbele na zenye injini katikati, nazo zinafanana kwa Goshawk tu. Ndiyo maana siwezi kukubali maelezo yaliyozoeleka kwamba shindano hili lilikuwa pambano la mwisho kati ya mabawa mawili na bawa moja, ambapo ya zamani ilishinda kwa bahati. Idadi ya mabawa haikuamua kitu. Tofauti ya kwanza ilikuwa nani alithubutu kuikataa injini iliyopendekezwa.

Injini zote za Goshawk zilizowahi kutengenezwa ni kama 20 tu. Kwa hiyo Wizara iliwaelekeza wabunifu kwenye mtambo ambao haukuwa umethibitishwa kazini, na ikaufanya kuwa msingi wa ndege ambazo nazo zilitakiwa kuwa mpya kwa kila kitu. Ukiweka kitu kipya juu ya kingine kipya, kila moja likiwa na matatizo yake, majaribio hayawezi tena kukuambia kasoro iko wapi. Je, 224 ilipanda polepole kwa sababu ya bawa au kwa sababu ya taa nyekundu? Mitchell alilazimika kukisia.

Ningekuwa kwenye meza ile Julai 1935, na mimi ningeichagua Gladiator. Ilikuwa chaguo sahihi kati ya vilivyobaki mezani. Ila nisingeiita ushindi, kwa sababu Novemba mwaka huohuo Hurricane ya Sydney Camm, mbunifu wa Hawker, iliruka kwa mara ya kwanza, na Desemba 1937 ilikuwa kikosini. Gladiator ilikaa miezi isiyofika kumi na miwili kama ndege mpya kabisa ya Jeshi la Anga kabla ya kuwa ya kizamani.

Ya kizamani, lakini vita vilipokuja haikupumzishwa. Zaidi ya 700 zilitengenezwa na nyingi zilipelekwa mahali ambako mpya hazikutosha: Norway, Malta, Ugiriki, na Afrika. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Ethiopia, Eritrea na Somalia ya Kiitaliano zilikuwa na ndege za Kiitaliano, na waliokabiliana nazo kutoka Sudan walikuwa na Gladiator, zikiwemo za Jeshi la Anga la Afrika Kusini. Huku Kenya, marubani wa Afrika Kusini walianza kampeni ile wakiwa na Fury, ndege ya mwaka uleule wa waraka wa F.7/30. Dhidi ya Fiat CR.42, nayo ya mabawa mawili, Gladiator ilikuwa na nafasi ya kweli, na marubani hodari waliitumia vema. Dhidi ya ndege ya mabomu ya Savoia-Marchetti SM.79, iliyozidi kilomita 430 kwa saa, hesabu ilikuwa ngumu: usipokuwa juu yake tangu mwanzo, hutaifikia. Vijana waliotumwa na ndege hizo katika anga la Afrika Mashariki walikuwa wanalipa kwa maisha yao miaka iliyopotea kati ya 1931 na 1935.

Kilichobadilika

Mitchell na Supermarine waliiacha 224 na kuandaa ndege nyingine, Type 300, ambayo ndiyo iliyokuja kuitwa Spitfire. Safari hii utaratibu uligeuka. Ndege ilibuniwa kwanza, kisha Wizara ikaandika waraka wa F.37/34 kuizunguka michoro hiyo. Camm naye aliandikiwa F.36/34 kwa namna hiyohiyo. Injini ya zote mbili ilikuwa PV-12, iliyokuja kuitwa Merlin, na herufi hizo PV zilimaanisha kwamba Rolls-Royce walianza kuitengeneza kwa fedha zao.

Lakini swali la kupoza lilikuwa bado halijajibiwa. Merlin yenyewe ilifikiriwa mwanzoni kupozwa kwa mvuke, na michoro ya awali ya Type 300 ilikuwa na kondensa ndani ya mabawa kama ya 224. Waliookoa ndege ile ni kemikali na mfereji wa hewa. Kemikali ilikuwa glaikoli, ambayo ikiwa peke yake huchemka karibu nyuzi 197. Kimiminika kinachoweza kupata joto hilo bila kuchemka kinaingia kwenye rejeta kikiwa moto kuliko maji yanavyoweza kuwa, na kadiri tofauti kati yake na hewa inavyokuwa kubwa, ndivyo rejeta ndogo inavyotosha. Mvuke haupo, kwa hiyo pampu haina tena kitu cha kuisumbua. Mfereji ulitoka kwa Frederick Meredith, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Farnborough. Alionyesha kwamba rejeta ikiwekwa ndani ya njia inayopanuka mbele na kusinyaa nyuma, hewa inaingia, inapunguza mwendo, inapata joto, na inatoka nyuma kwa msukumo unaofidia sehemu kubwa ya ukinzani.

Basi bawa likaachiliwa huru. Halikuwa tena kipozeo, likaweza kuwa jembamba, na ndani yake pakapatikana nafasi ya bunduki nane. Tarehe 5 Machi 1936 ndege hiyo, K5054, iliruka kutoka Eastleigh, na miezi michache baadaye, ikiwa imepewa propela bora, ikapimwa kilomita 562 kwa saa.